Ubungo ilikatwa 2015 kwa sababu ya watu kujaa, au kwa sababu ya Mnyika?

#1 Kisiki cha Mabibo

Wakuu, heshima mbele.

Tangu yatangazwe majimbo mapya ya Kivule na Chamazi kuna jambo linanikereketa. Kila jimbo la Dar likikatwa tunaambiwa ni idadi ya watu. Mimi nikiliangalia jimbo langu la Ubungo naona kitu kingine kabisa. Tuweke rekodi kwanza:

1995: Dk. Masumbuko Lamwai, NCCR-Mageuzi
2000: Charles Keenja, CCM
2005: Keenja tena
2010: John Mnyika, Chadema
2015: jimbo linakatwa. Ubungo anaingia Saed Kubenea, Kibamba anaingia Mnyika, wote Chadema
2020: Prof. Kitila Mkumbo Ubungo, Issa Mtemvu Kibamba, wote CCM

Dai langu ni kwamba Ubungo ilikatwa kwa kuwa ilishaponyoka, wala si kwa kuwa ilijaa. Walipiga hesabu Mnyika akibaki na nusu moja, nusu ya pili itarudi kwa wenyewe. Kisu kikawageukia, badala ya mpinzani mmoja wakapata wawili.

Anayebisha aje na hoja. Matusi peleka jukwaa la Simba na Yanga.

#2 HesabuNiHesabu

Nabisha, na sina haja ya maneno mengi.

Sensa ya 2012 iliikuta wilaya ya Kinondoni na watu 1,775,049. Wilaya nzima ilikuwa na majimbo matatu: Kinondoni, Kawe na Ubungo. Gawa kwa tatu, kila mbunge anabeba watu zaidi ya 590,000. Ukisema Ubungo isingekatwa, tuambie kisu kingepita wapi.

Halafu kuna kitu umekiruka. Mwaka huohuo Dar ilipata majimbo mawili mapya, Kibamba na Mbagala. Mbagala ilitoka kwenye Kigamboni ya zamani, na Kigamboni ilikuwa mikononi mwa CCM, mbunge wake Dk. Faustine Ndugulile. Kama shabaha ilikuwa kupasua ngome za wapinzani, mbona walijikata na wao?

#3 Chumvi Ndefu

Kisiki umeshaanza kung'oka? Ni posti ya pili tu 😂😂

#4 Kisiki cha Mabibo

Sijang'oka popote. Hesabu umegawa kwa tatu kama vile watu wanapangwa kwa rula. Kinondoni yenyewe mbona haikuguswa? 2010 ilikuwa ya Idd Azzan wa CCM. Tandale tu peke yake ukimwaga watu barabarani wanatosha kuchagua mbunge wao.

#5 HesabuNiHesabu

Na Kawe ilikuwa ya Halima Mdee, Chadema, nayo haikuguswa. Sasa hapo nadharia yako inasemaje?

Kinondoni ni jimbo finyu, lilikwisha jengwa zamani, hakuna pa kuongeza hata choo. Ubungo ile ya zamani ilianzia Manzese ikaenda hadi mpakani na Kibaha. Mbezi, Msigani, Kwembe, Goba, huko ndiko watu walikuwa wanahamia kila mwisho wa mwezi na tripu zao za mchanga. Tume ya Uchaguzi ikikata jimbo haiangalii tu waliopo, inaangalia na wanaokuja.

#6 Mzee wa Jembe

Vijana, mnaianzia hadithi katikati.

Sisi wengine tulianza kupiga kura kwa jembe na nyumba. Chama kimoja, wagombea wawili, mmoja kapewa alama ya jembe, mwenzake nyumba. Msidhani hapakuwa na ushindani. 1965 waziri mzito kama Paul Bomani aliangushwa kwa utaratibu huohuo.

Sasa njooni 1995, maana Ubungo mnayoizungumzia ilizaliwa kwa vurugu. Uchaguzi ulikuwa Jumapili ya tarehe 29 Oktoba. Mimi nilikuwa Manzese. Tumefika kituoni alfajiri, msimamizi kakaa juu ya dawati la shule, hana sanduku, hana karatasi, hana wino. Saa nne hakuna kitu. Saa saba kikaja kigari kimoja kimeleta karatasi, zikahesabiwa hapo hapo mbele yetu, hazifiki hata nusu ya watu waliopanga foleni. Wapo walioanza kuondoka, wapo waliosema hawatoki mpaka kieleweke. Kina mama walikuwa wameketi chini wamevua viatu, wanapeana zamu ya kwenda kuwapikia watoto na kurudi kwenye nafasi zao.

Tume ikafuta matokeo ya majimbo yote saba ya Dar es Salaam. Tukarudia Novemba 19. Wagombea urais wa upinzani wakawa wamesusa, wanasema uchaguzi wa nchi nzima ufutwe. Watu wengi wakasusa nao. Na bado, katika mazingira hayo, Ubungo ikamchagua Lamwai. Majimbo sita yalikwenda CCM, moja tu likakataa, na ni hilo lenu.

Kwa hiyo huo ubishi wa Ubungo haukuletwa na Mnyika. Aliukuta.

#7 Dogo wa Makurumla

Shikamoo mzee. Kumbe ndiyo mwaka Mrema alibeba Temeke?

#8 Bi Shekilango

Dogo, hapana. 1995 Augustine Mrema alikuwa anagombea urais kwa tiketi ya NCCR. Temeke aliichukua Oktoba 1996 kwenye uchaguzi mdogo, baada ya kiti cha Ramadhani Kihiyo kuwa wazi. Alimshinda Abdul Cisco Mtiro wa CCM. Kwa hiyo kwa muda NCCR ilikuwa na majimbo mawili Dar, Ubungo na Temeke.

#9 Mzee wa Jembe

Marahaba mjukuu. Bi Shekilango kakujibu vizuri.

#10 Mgosi wa Sinza

Mzee wa Jembe nakupa maua yako. Ila naomba tusimfanye Lamwai malaika. Alichaguliwa kwa jina lake, alikuwa wakili anayejulikana mji mzima, halafu baadaye akaenda CCM na maisha yakaendelea. Mungu amrehemu, alituacha 2020. Ninachosema ni kwamba Ubungo inachagua mtu. Chama kinakuja kama ufungashaji.

Ushahidi mwingine ni Keenja. Kabla ya ubunge alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Jiji, ile iliyoendesha Dar kuanzia 1996 baada ya halmashauri ya jiji kuvunjwa, mpaka 2000 zilipoundwa manispaa tatu. Watu walimuona akizoa taka, akiziba mashimo, akifungua mitaro. 2000 alipokuja kuomba kura hakuhitaji kujitambulisha.

#11 Konda Mstaafu

Mgosi, alizoa taka na alivunja vibanda pia. Waliovunjiwa nao walikuwa na kadi za kupigia kura.

Mimi nasema 2000 Keenja alishinda kwa sababu upinzani ulijimaliza wenyewe. NCCR ya 1995 ilikuwa moto wa kifuu. Kufika 1999 Mrema kaondoka kaenda TLP, wengine wamebaki na Mbatia, wengine wamerudi walikotoka. Uchaguzi ulipofika hapakuwa na wa kumpa kura. Mtu ukikuta timu pinzani haijaja uwanjani utasema umefunga mabao mangapi?

#12 Mgosi wa Sinza

Na 2005 je? Mnyika alikuwepo uwanjani. Keenja akashinda tena.

#13 Konda Mstaafu

2005 ilikuwa ni mafuriko ya Kikwete, yalimbeba kila aliyesimama karibu. Mnyika alikuwa kijana wa miaka 24, na Chadema ilikuwa ndiyo inajifunza kutembea. Usisahau ule uchaguzi uliahirishwa kutoka Oktoba hadi Desemba 14 kwa sababu mgombea mwenza wa Chadema, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki. Wale walijikuta wanafanya kampeni kwenye msiba.

#14 Dogo wa Makurumla

Mnyika 2010 alibebwa na wanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hilo halina ubishi, chuo kiko ndani ya jimbo.

#15 Msomi Uchwara

Ubishi upo, na nimekuja nao 😀

2010 uchaguzi ulikuwa Oktoba 31. Vyuo vikuu vilichelewa kufunguliwa mwaka ule, vikafunguliwa baada ya uchaguzi. Wanafunzi wengi walikuwa wamejiandikisha vyuoni, siku ya kura wako kwao Bukoba, Songea, Moshi, kadi zinasoma Ubungo. Mimi ni mmojawao. Nilikuwa kijijini nasikiliza matokeo ya jimbo nililojiandikisha kwenye redio ya babu, na kadi ninayo mfukoni. Kulikuwa na kelele kubwa wakati ule kwamba imefanywa makusudi, maana vijana wa vyuo walionekana wa upinzani.

Kwa hiyo Mnyika alishinda bila hao wanafunzi mnaowasema. Ukitaka kujua aliyempa kura, nenda Manzese na Mabibo. Mlimani hutamkuta.

#16 Bi Shekilango

Na usisahau waliompa kura bila kumpigia: wana CCM wenyewe. Kura za maoni za Ubungo mwaka ule zilikuwa kisanga. Nape Nnauye aligombea hapa, akashindwa na Hawa Ng'humbi. Yule mama aliingia kwenye uchaguzi mkuu wenzake wakiwa bado wamenuna. Niliishi nyumba moja na balozi wa chama. Wiki nzima ya mwisho ya kampeni sare yake ilikuwa kwenye kamba, haijavaliwa.

Ng'humbi alikwenda mahakamani kupinga, akashindwa 2012. Nape akahamishia majeshi Mtama 2015 na akashinda.

#17 HesabuNiHesabu

Ongezeni na hili: mwaka 2010 ndio uchaguzi ambao waliojitokeza nchi nzima walikuwa chini ya asilimia 43. 2005 walikuwa zaidi ya asilimia 70. Watu wakibaki nyumbani, anayeshinda ni yule ambaye watu wake wana hasira ya kutosha kuamka asubuhi. Sisemi ndiyo sababu pekee, ila mkipanga sababu na hii muiweke mezani.

#18 Kisiki cha Mabibo

Yote mnayosema yananisaidia mimi. Jimbo limemkataa CCM 1995 na 2010, lina wenyewe wasiotabirika. Sasa wewe ndiye mwenye kalamu ya mipaka. Utaliacha?

#19 Wakili wa Kijiweni

Mwenye kalamu ni nani, hapo ndipo pa kuanzia. Ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kugawa majimbo, *kwa kibali cha Rais*. Inatakiwa ichunguze upya mgawanyo angalau kila baada ya miaka kumi. Vigezo ni idadi ya watu, mawasiliano na hali ya kijiografia, halafu Tume inaongeza vyake. Kimojawapo kinanichekeshaga kila mwaka: uwezo wa ukumbi wa Bunge kuchukua watu. Yaani demokrasia yetu ina kikomo cha viti.

Aliyetangaza majimbo mapya ya 2015 alikuwa Jaji Damian Lubuva. Sasa Kisiki, kibali cha Rais kinaweza kukupa mashaka, haki yako. Ila mashaka si ushahidi. Kortini ningekutupa nje asubuhi tu.

#20 Chumvi Ndefu

Wakili wa kijiweni anatupa watu nje ya korti gani, ya draft?

#21 Mama Kwembe

Jamani mnazungumzia mipaka kama mnaongelea ramani ya ukutani. Njooni huku tunakoishi.

Mdogo wangu anakaa King'ongo. Ukimuuliza anakaa wapi atakwambia Kimara. Konda anaita Kimara, bodaboda anaita Kimara. Lakini King'ongo iko kata ya Saranga, na Saranga ni jimbo la Kibamba. Kimara yenyewe, kata ya Kimara, imebaki Ubungo. Sasa 2015 wakati wa kampeni alihudhuria mikutano yote ya Kubenea, kanunua na kofia. Siku ya kuhakiki majina tukaenda kituoni. Yale makaratasi yalibandikwa ukutani kwa gundi ya unga, yamekunjika, unasoma kwa kidole kutoka juu hadi chini. Jina lake lipo, picha ipo, kila kitu sawa. Anauliza, "Kubenea yuko wapi?" Karani anamwambia, "Mama, hapa unachagua kati ya Mnyika na Fenella Mukangara." Alisimama pale kama kaambiwa amehama nyumba usiku bila taarifa.

Kofia aliipeleka shambani.

#22 Mgosi wa Sinza

😂😂😂 Mama Kwembe umeniua.

Na sisi Sinza tuna ugonjwa huohuo kinyume chake. Watu wa Sinza wanajiona Kinondoni, hasa wale wa karibu na Kijitonyama. Ukimwambia mbunge wako ni wa Ubungo, pamoja na Manzese na Mburahati, anakunja uso.

#23 Dogo wa Makurumla

Wa Manzese na sisi tunakunja kuambiwa tuko na nyie.

#24 Msomi Uchwara

Kwa faida ya wasiojua: jimbo la Ubungo lilibaki na kata nane, ambazo ni Ubungo, Sinza, Manzese, Makurumla, Mburahati, Mabibo, Makuburi na Kimara. Kibamba ikapata sita: Kibamba, Kwembe, Mbezi, Msigani, Saranga na Goba. Ukiziangalia hivi utaona mstari ulivyopita. Mji wa zamani uliobanana huku, mji mpya wa viwanja na mashimo ya maji kule.

Nadharia yangu mimi ni nyepesi. Ilikatwa kwa sababu ilikuwa inaundwa manispaa mpya ya Ubungo kutoka Kinondoni. Manispaa yenye jimbo moja inakaa vibaya.

#25 Wakili wa Kijiweni

Msomi, angalia kalenda. Jimbo la Kibamba lilitangazwa 2015 na likapigiwa kura Oktoba 25 mwaka huohuo. Manispaa ya Ubungo ilianza kazi 2016. Boniface Jacob alianza kuwa meya wa Kinondoni kwanza, ndipo akawa wa Ubungo manispaa zilipogawanyika. Mtoto alitangulia mama.

#26 Msomi Uchwara

Kutangulia kuzaliwa hakuzuii kupangwa pamoja. Serikali haiamki asubuhi ikaunda manispaa. Mezani ilishakuwepo.

#27 Kisiki cha Mabibo

Sawa, basi mnijibu hili. Mnyika, mwenye Ubungo, aliiachia Ubungo mwenyewe akaenda Kibamba. Mtu anaachaje mjini akakimbilia pori la Kwembe?

#28 Mama Kwembe

Pori la Kwembe liko wapi? Hospitali ya Mloganzila iko wapi wewe Kisiki? Chunga ulimi.

Mnyika alijijenga huku kwa maji. Hoja binafsi aliyoipeleka bungeni Februari 2013, ile iliyozua kizaazaa, ilikuwa ya maji. Na maji yalikuwa kilio cha Goba, Mbezi, Msigani na huku kwetu kuliko cha Sinza. Ruvu Juu bomba linatupitia mlangoni kwenda mjini, sisi tunanunua kwa madumu. Ukimtetea mtu kwa kiu yake hakusahau.

#29 Konda Mstaafu

Au ilikuwa ni hesabu ya chama tu. Ubungo ilishajengwa, unampa mgeni mwenye jina. Kubenea alikuwa mwandishi, mwenye gazeti la MwanaHalisi, alishamwagiwa tindikali 2008, watu wanamjua. Jimbo jipya ndilo gumu, unapeleka jembe lako bora. Na CCM nao Ubungo walimleta mtu mzito, Dk. Didas Masaburi, aliyekuwa meya wa jiji. Akaanguka.

#30 HesabuNiHesabu

Tukubali pia kwamba 2015 upepo ulikuwa wa mji mzima. UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, ilichukua majimbo sita kati ya kumi ya Dar: Ubungo, Kibamba, Kawe, Kinondoni, Temeke na Ukonga. CCM ikabaki na Ilala, Segerea, Mbagala na Kigamboni. Segerea yenyewe UKAWA waliiachia kwa mikono yao, walisimamisha wagombea wawili, wa Chadema na wa CUF, kwenye jimbo moja.

Kwa hiyo Kisiki, hata Ubungo ingebaki nzima, ingekwenda upinzani. Kukatwa kuliwaongezea kiti kimoja. Kama ule ulikuwa mpango wa CCM, ulikuwa mpango mbovu kuliko yote iliyowahi kupangwa.

#31 Kisiki cha Mabibo

Mpango kuwa mbovu hauufanyi usiwe mpango. Ndicho nilichoandika posti #1. Soma tena.

#32 Mtu wa Darajani

Wakuu habari za humu. Natokea Unguja, nasoma tu, ila mkianza kulia idadi ya watu nacheka. Sisi huku…

#33 HesabuNiHesabu

Karibu ndugu, nikumalizie mwenyewe. Sensa ya 2022 Zanzibar watu 1,889,773, majimbo 50. Wastani watu chini ya 38,000 kwa mbunge. Tanzania Bara watu 59,851,347, majimbo 222 baada ya nyongeza ya 2025. Wastani kama 269,600. Na mbunge wa Ubungo anabeba mara mbili ya huo wa Bara. Kura yangu na ya mtu wa Darajani zinaingia bungeni kwa uzito tofauti.

#34 Mtu wa Darajani

Ndiyo maana ya muungano wa nchi mbili, ndugu yangu. Tungegawana kwa vichwa tungepata wabunge wangapi? Saba?

#35 Wakili wa Kijiweni

Naomba hii ya Muungano ifunguliwe uzi wake. Ikianza hapa, Ubungo haitaonekana tena.

#36 Kimara Asili

Nimesoma kuanzia juu, kuna kitu hakijasemwa. Wote mnazungumzia mipaka kuhamia watu. Kuna watu waliohamishwa ndani ya mipaka.

2017 ilibomolewa Morogoro Road kuanzia Kimara kwenda hadi Kiluvya, hifadhi ya barabara mita 121.5 kila upande kutoka katikati, kwa upanuzi wa ile njia nane hadi Kibaha. Nyumba, misikiti, makanisa, vituo vya mafuta. Kwetu walikuja asubuhi. Mama alikuwa ameanika mahindi kwenye mkeka, akapewa muda wa kutoa kabati na vitanda tu. Ile X nyekundu ya kubomolewa ilishakaa ukutani muda mrefu mpaka tukaizoea, watoto walikuwa wanaitumia kama goli. Tulihamia Chanika. Jirani mmoja alikwenda Kibaha, mwingine Mlandizi.

Sasa mtaa wetu ulikuwa na kituo cha kupigia kura kinachojaa. 2020 kadi zetu zilikuwa huku, sisi tuko Chanika. Nani alihesabu hao? Mnapouliza kwa nini Ubungo na Kibamba zilirudi CCM 2020, wekeni na hilo.

#37 Mgosi wa Sinza

Pole sana mkuu. Hili ni zito.

#38 Konda Mstaafu

Pole mkuu Kimara Asili. Ila nitabisha kidogo. Bomoabomoa ingetosha kueleza Kimara na Mbezi. Haielezi Kawe kwenda kwa Gwajima wa CCM, haielezi Temeke, haielezi kwamba 2020 majimbo yote kumi ya Dar yalikwenda CCM.

#39 Kisiki cha Mabibo

Hayo yanaelezeka kwa neno moja ambalo sitaliandika, nataka akaunti yangu.

#40 Bi Shekilango

Kuna walioanza kuondoka kabla. Maulid Mtulia wa Kinondoni alijiuzulu CUF Desemba 2017, Februari 2018 akarudi bungeni kwa CCM. Mwita Waitara wa Ukonga vilevile. Abdallah Mtolea wa Temeke vilevile. 2019 upinzani ukasusia serikali za mitaa, kwa hiyo 2020 hawakuwa na mwenyekiti wa mtaa hata mmoja wa kuwaitia watu. Wenyeviti waliopatikana 2014 ndio walioijenga ile 2015. Ukishaondoa ngazi usishangae mtu kushindwa kupanda darini.

Wengine watasema ni wizi, Chadema na ACT walikataa matokeo wazi. Wengine watasema ni flyover na stendi. Daraja la Kijazi lilikuwa linamaliziwa, stendi ya Mbezi Luis inajengwa, watu wanaviona kwa macho. Mimi naweka yote.

#41 Msomi Uchwara

Halafu angalieni aliyeshinda Ubungo 2020. Prof. Kitila alikuwa Chadema kabla hawajamtimua kwenye ule mgogoro wa kina Zitto Kabwe, akapitia ACT, ndipo akafika CCM. Na mpinzani wake alikuwa Boniface Jacob. Kubenea naye akahamia ACT akagombea Kinondoni. Lamwai alitoka NCCR akaenda CCM. Hili jimbo ni stendi kweli, watu wanabadilishia mabasi.

#42 Chumvi Ndefu

Stendi imehamia Mbezi 2021, mkuu. Kwa hiyo sasa wanabadilishia Kibamba 😂

#43 Dogo wa Makurumla

Turudi kwenye mada. Kwa nini 2025 Ubungo haikukatwa tena, wakati Ukonga imetoa Kivule na Mbagala imetoa Chamazi?

#44 HesabuNiHesabu

Kigezo kilichotajwa 2025 kwa majimbo ya mjini ni watu 600,000. Manispaa ya Ubungo 2022 ilikuwa na watu 1,086,912. Gawa kwa majimbo mawili unapata 543,456. Haijafika. Kisiki, kama wanakata kwa chuki ya kisiasa, Ukonga na Mbagala 2020 zote zilikuwa za CCM, na zimekatwa.

#45 Kisiki cha Mabibo

Zimekatwa kwa kuwa ni zao, wanagawana viti wenyewe. Umeniletea ushahidi wangu.

#46 HesabuNiHesabu

Yaani wakikata la upinzani ni njama, wakikata la kwao ni njama. Kuna jimbo lolote linaloweza kukatwa kihalali kwako wewe?

#47 Kisiki cha Mabibo

Kigamboni. Watu 317,902, mbunge mmoja, manispaa nzima. Wangeiunganisha na nyingine wakatupa sisi kiti cha tatu. Hawajafanya.

#48 Mama Kwembe

Mkiunganisha Kigamboni mtaiunganisha na nani, na samaki? Kati yake na mjini kuna bahari.

Na hicho kiti cha tatu kikija msikilete Mabibo. Goba na Mbezi zimejaa mpaka sasa watu wanajenga kwenye miteremko ya mabonde. Wastani wenu wa 543,456 umechanganya Sinza isiyoongezeka na Goba inayoongezeka kila siku. Pigeni hesabu ya Kibamba peke yake.

#49 Mgosi wa Sinza

Sinza isiyoongezeka? Mama Kwembe umewahi kuja Sinza usiku?

#50 Mama Kwembe

Hao wa usiku wanalala Kibamba, Mgosi. Ndiko walikojiandikisha.